Sifa Sita za Kunywa Maji

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakifagia nyua, wakitandika mikeka na kusengenyana na majirani kama tufanyavyo sisi, palikuwa na bonde likiitwa Mwarika. Mwaka mmoja mvua za vuli hazikuja. Masika nayo yakapita makavu. Visima vikakauka kimoja kimoja, mto ukageuka njia ya mchanga, na maji yote ya Mwarika yakabaki katika bwawa moja tu.

Maji yalipobaki katika bwawa moja, ndipo wakubwa wakakumbuka kwamba wao ni wakubwa.

Walikuwa watatu. Bwana Tembo, ambaye akipumua majani yanalala. Bwana Kifaru, asiyeona mbali lakini hasira zake hufika mbali. Na Bwana Nyati, asiyecheka wala kusahau. Waliketi ukingoni wakamwita Karani Tamba, yule ndege wa miguu mirefu mwenye manyoya nyuma ya kichwa kama kalamu zilizochomekwa sikioni.

"Karani, chukua mkaa uandike hapa juu ya bamba la jiwe," Tembo akasema. "Kuanzia leo wanyama ni wa namna mbili. Kuna Watu wa Bwawa na kuna Watu wa Umande. Wa Bwawa watakunywa bwawani. Wa Umande watalamba majani asubuhi."

"Vyema, bwana. Nami nitawatambuaje?"

Wakubwa wakatazamana. Hilo hawakuwa wamelifikiria.

"Sisi sote tuna pembe," Nyati akasema. "Mimi ninazo, Kifaru anazo, na wewe Tembo meno yako yanaitwa pembe tangu enzi za babu zetu. Andika pembe. Mwenye pembe ni wa Bwawa."

"Sifa moja tu?"

"Moja inatosha!" Kifaru akafoka. "Tunaandika sheria hapa, hatupiki pilau!"

Karani akaandika: PEMBE.

Haikutosha, wanangu. Kesho yake asubuhi, vumbi tifu tifu! Swala wote walikuja na pembe zao. Konokono naye alikuja, akatoa vipembe vyake, chomo! chomo! Akaja Baba Tunu, yule Digidigi mwenye pembe fupi kama miiba ya mgunga, kabeba kibuyu. Nyumbani kwake kulikuwa na binti mchanga, Tunu, aliyezaliwa katikati ya ukame. Maziwa ya mama yake yalikuwa yameanza kukauka. Na nyuma ya Baba Tunu alitembea jirani yake, Bi Pimbi.

Pimbi mnamjua? Yule mdogo wa kahawia, asiye na mkia, anayeota jua juu ya mawe kama mtu asiye na shughuli. Msidanganyike na jua lile. Pimbi akiota jua, anatazama.

"Wewe unakwenda wapi?" Kifaru akamzuia. "Una pembe wewe?"

Pimbi akafunua mdomo, waa! Meno mawili makali yakaonekana juu, yamechongoka.

"Yametoka palepale yanapotoka ya Bwana Tembo," akasema. "Ya Tembo yakiitwa pembe na haya yaitwe pembe. Au lugha nayo inapima uzito?"

Wanyama wakacheka, kwa kwa kwa! Karani Tamba akakuna kichwa. "Kwa maandishi yalivyo, mabwana, ana haki."

Baba Tunu akainama na kibuyu chake. Kabla hakijagusa maji, guu la Kifaru likatua mbele yake, pu! Kibuyu kikapasuka vipande viwili.

"Sifa ya pili!" Kifaru akanguruma. "Andika! Ngozi nene!"

Karani akaandika. Swala wakarudi. Konokono akarudi, ingawa yeye majini alikuwa hajafika. Baba Tunu akaokota vipande vya kibuyu, akaondoka navyo. Lakini Ngiri akabaki, akanyanyua mdomo wake wenye pembe mbili zilizojikunja.

"Mimi ninazo pembe, na ngozi yangu mwiba hauingii. Nipisheni."

"Ya tatu!" Tembo akasema haraka. "Kivuli. Mwenye kivuli cha kuwafunika watoto kumi wakilala."

Ngiri akageuka kutazama kivuli chake. Kingefunika watoto watatu, tena wabanane. Akaenda zake akitukana.

Ndipo wakubwa wakanywa. Fu fu fu! Wakaoga humohumo. Na siku tisa nzima wengine wote wa Mwarika wakawa Watu wa Umande.

Siku tisa si mchezo. Wadogo walijifunza. Walijua jani lipi hushika tone na lipi huliangusha. Walijua kuchimbua mizizi yenye maji na kutafuna utomvu. Mama Tunu alitafuna majani mabichi mpaka taya zikauma, akamlisha mwanawe kwa ulimi. Tunu aliishi, lakini macho yake yalikuwa makubwa kuliko uso.

Siku ya tisa Pimbi akaenda kumjulia hali mtoto. Akamkuta Baba Tunu ameketi kizingitini, anatazama vipande vya kibuyu.

"Shemeji," Baba Tunu akasema, "nimeamua. Nitakwenda kumpigia magoti Tembo. Nitamwambia apunguze sifa moja tu. Ngozi nene. Akiiondoa hiyo..."

"Akiiondoa hiyo, bado kuna kivuli."

"Basi aondoe na kivuli."

"Akuondolee wewe kivuli, kesho ataandika uzito. Shemeji, hawa hawaandiki sifa kisha wakatutazama. Wanatutazama kwanza, kisha wanaandika ile tusiyokuwa nayo." Pimbi akasimama. "Hatupigi magoti. Mimi naenda kuwaomba waongeze."

"Waongeze! Umekunywa nini, Bi Pimbi?"

"Umande. Siku tisa."

Akaanzia kwa Tembo. Akamkuta mchana uani kwake, anajipepea kwa masikio. Pimbi akapiga hodi kwa adabu zote.

"Hodi, bwana mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Kama umekuja kuomba maji, mlango ni huohuo."

"Maji? La hasha! Nimekuja na aibu, bwana. Kule mawe yangu yalipo ninaliona bwawa lote. Nimeweka alama kwa vijiti. Maji yanashuka. Kwa wanywaji watatu, siku kumi na mbili hivi yatakwisha."

Masikio ya Tembo yakasimama.

"Na kwa mnywaji mmoja?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mimi sikusema hivyo, bwana. Wewe ndiwe uliyesema." Pimbi akainamisha kichwa. "Mimi nilikuwa najiuliza tu. Sifa tatu zile ni chache. Zinamweka mtu kama wewe bakuli moja na Nyati. Nyati! Anayelala matopeni! Kuna kitu kimoja ulichonacho wewe, na bonde zima hakuna mwingine."

Tembo akanyanyua mkonga, akautazama kama anauona mara ya kwanza.

"Mkonga," akanong'ona.

"Lo! Mimi hata nisingeliwaza. Mnong'oneze Karani peke yake, aandike na kufunika kwa jani mpaka siku ya kusoma. Wengine wakijua mapema watapinga. Tena muape, bwana, mbele ya wote, kwa maji yenyewe, kwamba yaliyoandikwa hayaongezwi wala hayapunguzwi ila kwa sauti ya kila anayeishi Mwarika. Hapo Nyati na Kifaru hawatakuwa na la kufanya."

"Kila anayeishi? Hata nyinyi wa Umande?"

"Hasa sisi. Utakuwa umefunga mlango, na ufunguo umegawa kwa watu mia. Nani atawakusanya mia wakubali?"

Tembo akacheka mpaka majani yakalala.

Kwa Kifaru Pimbi hakukaa sana, ila ushauri wa jani na kiapo ulikuwa uleule. Alimsifu pembe yake, si ile sifa ya pembe tu ambayo hata konokono anayo, bali pembe iliyoota puani. Kifaru akaondoka mbio kwenda kwa Karani kabla hata ya kuaga, akauangusha ua wake mwenyewe njiani.

Nyati ndiye aliyekuwa kazi. Alimsikiliza Pimbi mpaka mwisho, akimtazama bila kupepesa.

"Wenzangu nao umewaendea?" akauliza.

"Nimewaendea," Pimbi akasema. Hakurudi nyuma hata hatua. "Na kila mmoja amefikiria lake."

"Yapi?"

"Muulize Karani. Lakini akikwambia ya kwao, ujue na la kwako atawaambia wao."

Nyati akapuliza pumzi puani. "Na wewe unapata nini?"

"Mimi nimetolewa tangu sifa ya pili, bwana. Aliyetolewa mara moja, hata akitolewa mara kumi, ni nje ileile. Lakini wewe bado uko ndani. Wenzako wameshaandika ya kwao. Ukikaa kimya, umejiandika nje."

Nyati akatazama kwato zake, zile zilizopasuka kati. Tembo hana kama hizo. Kifaru hana. Na wenzake, alijiambia, hawana akili ya kuwaza kitu ambacho yeye hana. Jioni ileile Karani Tamba aliandika mstari wa sita, akaufunika kwa jani.  Karani mzuri huandika anachoambiwa.

Kulipokucha, bonde zima likakusanyika bwawani. Wakubwa watatu waliingiza miguu ya mbele majini, wakaapa kwa sauti moja: "Asiyetimiza sifa zote zilizoandikwa hapa hatakunywa, awe nani. Na yaliyoandikwa hayaongezwi wala hayapunguzwi ila kwa sauti ya kila anayeishi Mwarika. Atakayevunja, maji haya yamkwame kooni!"

Kiapo cha maji zama hizo hakikuwa cha mzaha. Fisi mmoja alikivunja, shingo yake ikavimba kama boga, na kila mtu aliiona.

Kila mmoja wa wale watatu aliapa akitabasamu. Kila mmoja aliwatazama wenzake kwa huruma, kama mtu anayeaga maiti.

"Karani," Tembo akasema, "funua."

Karani Tamba akaondoa majani. Akakohoa. "Ya kwanza, pembe. Ya pili, ngozi nene. Ya tatu, kivuli cha watoto kumi. Ya nne, mkonga."

"Mkonga?" Kifaru akashtuka.

Tembo akaanza kucheka.

"Ya tano, pembe iliyoota puani."

Kicheko cha Tembo kikakatika kama kamba.

"Ya sita, kwato zilizopasuka kati. Basi. Anayetimiza zote sita, asogee anywe."

 Nzi alisikika, zzzz.

Hakusogea mtu. Wanangu, fikirini mnyama mwenye mkonga, pembe puani, na kwato zilizopasuka. Hajazaliwa. Hata angezaliwa, mama yake angekimbia.

Kifaru ndiye wa kwanza kukasirika. Akainamisha kichwa kwenda majini.

"Simama!" Tembo akapiga baragumu. "Mkonga wako uko wapi?"

"Na kwato zako wewe zimepasuka?" Nyati akamrukia Tembo. Gwaa! Pembe zikagongana. Pu! Vumbi! Kila aliyekaribia maji wenzake wawili walimvuta mkia. Mpaka jua likafika utosini, wote watatu wamechanika, wanahema, na hakuna hata mmoja aliyelowesha ulimi.

"Haya tukubaliane," Nyati akasema, akihema. "Sote watatu tuvunje kiapo pamoja."

"Pamoja na wewe?" Kifaru akasema. "Uliyetaka nife kiu kwa ajili ya kwato? Anza wewe kunywa, tuone shingo yako."

Hakuna aliyeanza.

Asubuhi iliyofuata ndiyo ilikuwa ya kutazamwa. Tembo alikwenda kulamba umande! Akapitisha mkonga juu ya kichaka, fyoo! Akapata tone moja na buibui. Kifaru alilamba mwamba. Nyati alikanyaga majani yote yenye umande kabla ya kuyafikia. Miili mikubwa, wanangu, ina kiu kubwa. Saa sita mchana wakubwa watatu walikuwa wamekaa chini, ndimi nje, macho yamewatoka.

Wakamwita Baba Tunu. Nyati akasema kwa sauti laini, sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia: "Ndugu yangu, waambie wenzako watoe sauti tufute zile sifa tatu za mwisho. Zibaki za zamani. Nasi tutakupa kibuyu cha maji kila siku kwa ajili ya mwanao. Wewe peke yako."

Baba Tunu akameza mate ambayo hakuwa nayo. Akatazama upande wa nyumbani kwake. Kisha akamtazama Pimbi. Pimbi hakumwambia kitu, maana mtoto hakuwa wake.

"Kibuyu changu mlikivunja," Baba Tunu akasema hatimaye.  "Na mwanangu akipata maji peke yake, atacheza na nani? Sitoi sauti."

"Wala mimi!" Swala akapaza.

"Wala mimi!" Ngiri akasema.

"Wala mimi," Konokono akasema. Ndiyo kwanza alikuwa anafika.

Tembo akainuka akiyumba. Akatembea mpaka jiwe alilosimama Pimbi, akanyanyua guu juu ya kichwa chake. Kivuli cha guu kikamfunika Pimbi mzima.

"Wewe ndiwe uliyeyafanya haya. Sema futa! Sema, au nikukanyage!"

Pimbi alikuwa na woga. Msifikiri hakuwa nao. Manyoya yake yote yalisimama. Lakini akapanda juu zaidi ya jiwe, akalisogelea guu.

"Kanyaga!" akapiga kelele. "Mmeapa sauti ya kila mmoja. Nilikuwa hai mlipoapa; ukiniua, sauti yangu itatoka wapi? Sheria yenu itafungwa milele, na nyinyi nje! Kanyaga, Bwana Tembo! Sisi mmetufundisha umande siku tisa. Tunaweza nyingine tisa, hata ishirini. Nyinyi mna siku moja na mmekwisha lala chini. Tutakaa hapahapa tuwatazame!"

Tembo akalivuta guu. Likashuka polepole, pembeni mwa jiwe.

"Mnataka nini?" Tembo akauliza.

"Hatufuti tatu. Tunafuta zote."

"Zote! Sheria bila sifa ni sheria gani?" Kifaru akalalamika, lakini kwa sauti ndogo, maana koo lilikuwa kavu.

Wakubwa wakatazama maji. Maji yaling'aa. Nyati, yule asiyesahau, akashusha pembe zake.

"Futeni," akasema.

"Futeni," Kifaru akasema.

Tembo akanong'ona vivyo hivyo. Bonde zima likaitika, "Futa!" Karani Tamba akasugua jiwe kwa bawa lake, shwa shwa shwa, mpaka bawa likawa jeusi.

Kisha akasimama na mkaa mkononi. "Mimi karani. Jiwe tupu linanisumbua. Niandike nini?"

"Andika sifa moja," Pimbi akasema. "Kiu."

"Lakini kiu kila mtu anayo!" Tembo akasema.

"Ee."

Tembo akarudi nyuma hatua moja, akawapisha wadogo. 

Wakanywa. Wadogo walitangulia, kwa kuwa wadogo mia moja hawamalizi funda moja la Tembo. Wakubwa wakafuata, na walikatazwa kuoga humo. Mama Tunu alimleta binti yake ukingoni, akamshikilia shingo asitumbukie. Tunu alikunywa, akakohoa, akapiga chafya, akanywa tena. Baba Tunu alijifanya ana mchanga jichoni.

Kwa kuwa hakuna aliyeoga humo wala kunywa kupita kiu yake, maji yale yaliwafikisha wote mpaka mvua. Na tangu siku ile, Tembo akipita penye mawe akamwona Pimbi anaota jua, yeye ndiye husalimu kwanza, na Pimbi huitika bila kuinuka.

Anayeongeza sifa ili kumfungia mwenzake nje, asishangae ufunguo ukimkataa na yeye.

Nimewapa nilichonacho. Mwenye sikio ameshiba, na aliyesinzia atasimuliwa na jirani yake.